Jini, kanga au maji ya bamvua: ajabu lipi liibebe hadithi yako ya mapenzi

Mtu anayetaka kuandika hadithi fupi ya mapenzi yaliyopindukia, yale ya kukosa usingizi na kusahau chakula, kisha akataka iwe ya kisurealisti, yaani iwe na ajabu la kindoto ndani yake, mara nyingi huanza na ajabu lenyewe. Mwanamke ana magamba ya samaki, mwanamume anatembea ukutani. Baadaye ndipo anahangaika kutafuta mapenzi ya kutia humo. Amepindua. Ajabu ni chombo tu, na chombo huchaguliwa kwa kutazama kinachobebwa. Maji hayatiwi kwenye pakacha.

Vyombo vitatu mwandishi wa Unguja au Pemba anavyo karibu na mkono: jini mahaba (jini anayempenda binadamu), kitu cha nyumbani kilichokataa kuwa kitu tu, na bahari inayovuruga saa. Ili tusivipendelee, vyote tuvipe mbegu moja. Kombo yuko Wete. Mize, mpenzi wake, amehamia Unguja. Kabla ya kupanda meli Mkoani alikata doti ya kanga, kipande akaondoka nacho, kipande akamwachia Kombo. Jina la kanga hiyo kila mtu visiwani ameshalisoma mgongoni mwa mtu: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Hakuna zaidi ya hapo, na hapo panatosha.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu ajabu. Ngano zetu zimejaa maajabu tangu zamani, kwa hiyo ajabu peke yake haliifanyi hadithi kuwa ya kisurealisti. Msimulizi akisema "Paukwa" na watoto wakaitika "Pakawa", mlango umeshafunguliwa. Sungura akizungumza baada ya hapo hakuna anayeshituka. Kina André Breton, mshairi wa Kifaransa, waliotoa ilani ya usurealisti Paris mwaka 1924 walikuwa na shabaha nyingine: vitu visivyojuana vikutanishwe kama vinavyokutana ndotoni, bila hodi wala maelezo. Kwa kwetu tunaweza kusema ni ngano iliyonyang'anywa paukwa yake. Kombo anaamka, anapiga mswaki, anateleka chai, anatazama kamba ya nguo, na kanga imepungua neno.

Hapo ndipo ajabu la namna hii linapokutana na mapenzi ya kuzama. Aliyezama haoni kwamba yumo katika ngano. Kwake mambo yako sawa, ni wengine tu ndio hawaelewi. Basi swali la kuuliza kila chombo ni hili: kinakuja na maelezo kiasi gani?

JINI MAHABA

Anakuja na maelezo yote. Hahitaji utangulizi: sentensi moja tu, na msomaji wa Makunduchi au Chake Chake ameshajaza yaliyobaki, yaani harufu ya udi pasipo chetezo, posa zinazovunjika moja baada ya nyingine, mke anayekataa kuguswa usiku fulani. Hata makabila yao yanajulikana. Ruhani husemwa kuwa ni Mwarabu na Mwislamu, anapenda usafi na marashi ya mawaridi. Kibuki asili yake hutajwa kuwa Bukini, yaani Madagaska, naye anataka brandi. Rubamba ni wa Pemba. Anayepandwa ni kiti, na anayeongoza shughuli ni fundi. Ukimnywesha ruhani brandi umeshawapoteza wasomaji watu wazima kabla ya ukurasa wa pili.

Utajiri huo ndio ubovu wake. Kombo akianza kuzungumza na kanga usiku, mama yake akasema "huyu ana jini", msomaji anashusha pumzi: ugonjwa ameshaujua na dawa yake ameshaijua. Kuanzia hapo hadithi inafuata njia ya kesi. Dalili, fundi, kupungwa, kisha kupona au kufa. Hadithi nyingi za jini huharibikia pale pale, fundi anapoingia. Anakuja na ubani wake, anaagiza kuku, na mapenzi yanatokea mlango wa uani.

Kuna njia mbili za kuiokoa. Moja, usiulize kama jini yupo. Yupo, amekaa, na kinachogombaniwa ni utaratibu wa nyumba. Ya pili, mpunguze ukubwa. Jini mwenye mabawa ya moto hutisha mistari mitatu. Jini anayelalamika kuwa chai imezidi tangawizi hakutoki kichwani, maana anayekijua kiasi cha tangawizi yako ni mtu aliyewahi kukaa jikoni mwako.

Alhamisi usiku Kombo hutandika vitanda viwili. Mama yake alipouliza, alisema kile cha pili ni cha mgeni.
"Mgeni gani huyo asiyekula?"
"Anakula, mama. Muhogo tu ndio haupendi."

Inatosha. Fundi, ikiwa lazima aje, aje mara moja, asipate zaidi ya sentensi tano, na aondoke hakufaulu wala hakushindwa. Jini anafaa hadithi yenye watu watatu na kitanda kimoja: mume, mke, na asiyeonekana mwenye zamu yake. Kwa Kombo, ambaye yuko peke yake na kipande cha nguo, jini ni mkubwa mno kwa chumba.

KANGA

Kanga haiji na maelezo hata kidogo, ndiyo maana hapa tutakaa zaidi.

Mwenye kuitumia aijue. Ina pindo linalozunguka, mji wa katikati, na jina, yale maneno yanayokaa upande wa chini karibu na pindo. Huuzwa vipande viwili vilivyoshikana, ndiyo doti, na mwenyewe huikata na kuipinda kabla ya kuivaa. Mpya hulowekwa maji ya chumvi ili rangi ishike. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuwa chanzo cha hadithi: ncha iliyokatwa bila kupindwa ikawa inafumuka kila siku uzi mmoja, au kipande kinachokataa kukauka wakati kipande mwenzake kimeanikwa ng'ambo ya bahari. Chagua kimoja. Vikiwa viwili, msomaji anaanza kuhesabu maajabu badala ya kumtazama Kombo.

Kipimo kinachofaa kwa hadithi ya maneno 1,200 hadi 1,500 ni kitu kimoja, sheria moja, mabadiliko matatu. Sheria lazima iwe na faida na bei ndani yake, kwa sababu ajabu lisilo na faida mtu hulikimbia, na lisilo na bei hulizoea. Tumpe Kombo sheria hii: kila mara kanga ikifuliwa, harufu ya Mize inarudi mbichi kama siku ile ya bandarini, na jina linapungua neno moja kutoka mwisho.

JAPO SIPATI TAMAA SIKATI
JAPO SIPATI TAMAA
JAPO SIPATI
JAPO

Kufua mara tatu, basi. Na mwandishi hakutia mkono: kiapo kimegeuka lawama iliyokatika katikati, lawama imegeuka njaa, na mwisho limebaki neno moja linaning'inia kambani halina wa kulimalizia. Jaribu kuyapunguza kutoka mwanzo, uone. Utaishia na SIKATI, neno la mtu aliyeshinda. Ni kanga ile ile na maji yale yale, lakini hiyo ni hadithi ya ukaidi, hii ya kwanza ni hadithi ya kupungukiwa. Uamuzi huo ufanye kabla hujaandika mstari wa kwanza; ukiufanya katikati, utalazimika kufua upya.

Kufua kwa kwanza kuwe ndani ya maneno 200 ya mwanzo, na kuwe kwa bahati mbaya: chai imemwagika, mvua imenyesha, chochote. Kombo aione kanga, ainuse, aende kazini. Asipige kelele. Mwandishi mgeni hapa humfanya mhusika ashangae aya nzima, na mshangao wake unamkalia msomaji mahali pa mshangao wa msomaji mwenyewe. Kufua kwa pili kuwe kwa kujaribu, katikati ya hadithi: anajua kuna kitu, hajui ni nini, anataka kuhakikisha. Kwa mara ya tatu anajua kila kitu. Anajua neno litaondoka, anajua lipi, na anachota maji. Uzito wote wa hadithi uko kwenye ndoo hiyo, kwa hiyo iandike polepole kuliko kitu kingine chochote. Mkono uko wapi, sabuni ya mche imebaki ukubwa gani, kaanza kusugua upande upi, jina au mji.

Shahidi ni wa lazima, na shahidi asione ajabu. Jirani anatosha.

"Mwanangu Kombo, kanga za siku hizi zinachuja, mwe. Uliitia chumvi?"
"Niliitia, Bi Time."
"Basi usiifue fue. Nguo ya kuwekea mtu haifuliwi."

Bi Time amesema kila kitu na hajui alichosema. Angeshituka, angesema "jina limekwenda wapi?", tungerudi kwenye kesi ya fundi.

Ziko hitilafu mbili zinazojirudia katika hadithi za aina hii. Moja ni kitu kuanza kusema. Kanga ina jina lake, hilo ndilo sauti yake. Ukiipa mdomo umeipa sauti ya pili na zote mbili zinapungua. Nyingine ni ngumu kuikataa kwa sababu inapendeza: yale maneno yanayotoka kwa Kombo yawe yanaongezeka kwenye kipande cha Mize kule Unguja. Wazo hili litakujia, na litakujia usiku ukadhani umepata. Linafunga hesabu. Kilichopotea huku kimepatikana kule, msomaji anaridhika, anafunga simu na kulala. Mapenzi ya kuzama hayana hesabu inayofungwa namna hiyo. Kipande cha Mize kisitajwe tena baada ya bandari.

BAHARI

Bahari inakuja na nusu ya maelezo, na nusu hiyo ni hesabu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama na ukipevuka ni bamvua, maji makubwa; katikati yake ni maji mafu, yale madogo. Siku za bamvua visiwani maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wanapanga kazi yao kwa hesabu hiyo, kwa hiyo usidhani hutakaguliwa.

Sheria: Mize anakuja na maji ya alfajiri, anakaa na Kombo kwenye jiwe, na maji yakianza kurudi naye hurudi. Halafu iache kalenda ifanye kazi. Siku ya kwanza ni saa kumi alfajiri, giza, hakuna mtu. Siku ya nne ni saa kumi na mbili na nusu; kumekucha, na Kombo amekosa sala ya jamaa. Siku ya nane ni saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, naye hayuko kazini. Tena siku hiyo ni maji mafu, hayapandi mpaka jiweni. Mize yuko, anaonekana, hafiki. Siku ya kumi na tano bamvua imerudi na Mize amefika tena mpaka miguuni pake, ila sasa ni alasiri, saa tisa na dakika arobaini, mitumbwi inaingia, watoto wanaogelea, na yale maji yaliyokuwa ya siri yamejaa mbele ya mji mzima.

Hakuna haja ya kubuni taharuki, imo kwenye majira ya maji. Ndiyo nguvu ya chombo hiki kuliko vile viwili: mtu unamwona akihama kutoka ratiba ya wenzake, dakika 50 kila siku, mpaka anaishi saa ambazo hakuna mwingine anayeishi. Kinachoiharibu ni mambo mawili. Mwandishi akosee mwezi, aandike bamvua chini ya nusu mwezi, na mvuvi wa kwanza atakayesoma ataacha. Au aanze kuisifu bahari. Ikiwa samawati, ikimeta, ikinong'ona, tumeingia kwenye kadi ya watalii. Kombo haitazami bahari kwa uzuri wake. Anaitazama kama mtu anavyotazama mlango. Urefu uwe zaidi kidogo, maneno 2,000 hadi 2,500, maana siku zinahitaji nafasi ya kupita.

VILIVYOACHWA

Ndoto tunaitaja ili tuiweke kando. "Kumbe alikuwa anaota" inamrudishia msomaji nauli na kumshusha njiani. Mwili unaogeuka, vidole kuota manyoya, unataka mkono uliokwisha kuzoea. Mwenye hadithi ya kwanza aanze na nguo kabla ya ngozi. Na Popobawa, lile zimwi la usiku, asitiwe kabisa katika hadithi ya mapenzi. Mwaka 1995 watu wa Pemba na Unguja walilala nje makundi kwa makundi kwa hofu yake, na hofu ile ilikuwa ya kudhalilishwa. Haina mahaba ndani yake.

CHUMBANI, NA VIAMBISHI

Faragha inaandikika kwa vyombo vyote vitatu, lakini si kwa kipimo kimoja. Jini anakuruhusu kuandika kitanda bila kuandika mwili: godoro limebonyea upande usio na mtu. Bahari inakuzuia, inakupa maneno na miguu iliyolowa tu, ndiyo maana inafaa mapenzi ambayo hayajawahi kutimia. Kanga ndiyo inayokwenda mbali zaidi, kwa kuwa tayari imeujua mwili wa mwenyewe. Hapo tumia pua. Udi hukaa kwenye nguo muda mrefu. Kikuba, kile kishada cha rehani na asumini, ni cha usiku mmoja. Asumini huchumwa jioni ikiwa bado imefumba, ikafunguka usiku, asubuhi imekuwa kahawia. Ukiandika kwamba kanga ya Kombo ilinuka asumini iliyofunguka, msomaji wa hapa ameshajua ni saa ngapi na ni chumba gani, wala hukuandika neno la kukufanya uombe radhi. Yale ya kungwi na mwari yaache yalipo. Yakitolewa nje kuwa pambo, yanageuka sarakasi.

Sarufi nayo ina la kusema. Kuzama ni mazoea, na Kiswahili kina kiambishi cha mazoea: hufua, hunusa, hukunja, huweka chini ya mto. Iandike robo ya mwanzo kwa hu-, kisha siku sheria inapomgusa hamia kwenye -li-. Msomaji atasikia kitu kimevunjika bila kuambiwa. Jihadhari na -ka-: akaamka akatoka akaona akalia. Zikifuatana nne bila sababu, paukwa imerudi kwa dirisha. Kwa nafsi, bahari inakubali "mimi", kwa sababu anayehesabu maji anajiona mwenye akili kuliko wote na inafurahisha kumwacha aendelee. Kanga inataka "yeye" wa karibu. Kombo akiisimulia mwenyewe atajitetea kwenye ile ndoo ya tatu. Jini husimuliwa vizuri na mtu wa pembeni, mama hasa.

KUCHAGUA

Ikiwa mapenzi yako yana mpinzani na familia ina sauti, chukua jini, umnyime ukubwa. Ikiwa kinachomla mtu wako ni siri kuelekea kujulikana, chukua bahari na kalenda ya mwezi ukutani. Ikiwa anachokipenda ndicho anachokimaliza kwa mikono yake, ni kanga, na kwa mbegu ya Kombo sisi tungechukua kanga bila kufikiri mara mbili.

Usivichanganye. Kanga inayopoteza maneno kwa kufuata bamvua inasikika vizuri barazani, lakini kwenye karatasi sheria mbili zinagombania mtu mmoja.

Ukiwa bado huna hakika, andika tukio la kati la kila kimoja kwa maneno 150, kwa kalamu, siku tatu tofauti: kitanda cha pili, kufua mara ya pili, siku ya maji mafu. Usipange jirani aseme nini. Palipo na jirani aliyeingia mwenyewe na kuuliza habari ya chumvi, endelea na hapo, na karatasi mbili zilizobaki zifungie sabuni.